Kondoo wa Videvu Vinono

Mvua ya mwaka ule ilianza kunyesha kijijini kwetu Ha Rantsane mwezi wa Desemba na haikupumzika. Ilipofika Machi, Seabata alikuwa anawaonyesha wageni videvu vya kondoo wake.

Alikuwa akiingia zizini na blanketi lake begani, anamkamata jike mmoja, anamwinua kichwa na kusema, "Gusa hapa chini ya taya. Usiogope, gusa." Palikuwa na kifuko laini, cha baridi kidogo, ukikibonyeza kinabonyea kisha kinarudi polepole. "Unajua hicho ni nini? Mafuta hayo. Mwili umeshiba mpaka mafuta yamekosa pa kukaa." Watu waligusa, wakatikisa vichwa kwa wivu. Mimi ni jirani yake, ukuta wangu na wake ni mmoja. Mimi pia niligusa, nikasema kondoo wa namna ile sijapata kuwaona.

Seabata alikuwa amerudi kutoka migodini, ng'ambo ya mpaka, akiwa na kifua kibovu na hamu moja tu. Alitaka awe mfugaji wa majike wa kuzalisha, kondoo wa sufu nzuri, watu watoke mabonde ya mbali kuja kumwomba mbegu. Majike wale aliwachagua mwenyewe, akiwafungua midomo kuona meno na kuwapapasa viwele. Aliyempenda kuliko wote alimwita Malkia. Mkewe, 'Malimpho, alikuwa akimtania, "Mimi umenioa miaka yote hii hujaniita malkia hata kwa bahati mbaya."

"Wewe huzai mapacha kila mwaka," Seabata alimjibu.

Chini ya kijiji chetu kijito kinatawanyika na kuwa kinamasi, na majani yake hubaki mabichi hata mahali pengine pote pakigeuka rangi ya simba. Baba wa Seabata alipofariki, yeye akiwa bado chini ya ardhi mgodini, kinamasi kile kilishikwa na mdogo wake, Lekena. Seabata aliporudi alikwenda kwa chifu wetu, Mama 'Mankoala, akasema yeye ndiye mkubwa na haki ni yake. Shauri lilisikilizwa mbele yetu sote. Lekena alisimama akasema maneno yake, watu wakacheka, na mama chifu akampa mkubwa. Tangu siku hiyo ndugu wale hawakusalimiana. Lekena aliwapandisha kondoo wake kwenye mteremko wa mawe juu ya kijiji, ambako majani ni mafupi kama ndevu za mtu aliyenyoa jana. Tulikuwa tukimpigia kelele akipita, "Lekena, leo unawalisha kokoto au changarawe?" Aliinua fimbo yake, akaenda zake.

Majike wa Seabata walianza kuzaa, na wa kwanza kuona kwamba kuna jambo alikuwa 'Malimpho. Wana walizaliwa wadogo, miguu yao kama vijiti. Wengine walilala tu wakafa.

"Mama zao wanawakataa," aliniambia juu ya ukuta. "Jike anazaa vizuri, anamlamba mwanawe vizuri, lakini mwana akijaribu kunyonya tu anapigwa teke."

"Mwenye kondoo anasemaje?"

"Anasema ni wasichana bado, wanajifunza kulea. Sasa Malkia naye ni msichana? Malkia ana wajukuu."

Asubuhi moja aliniita kwa sauti ambayo sikuizoea kutoka kwake. Nilipita penye tundu la ukuta. Malkia alikuwa amesimama kwenye kona ya zizi, mguu wa nyuma kaupanua kando. Pacha mmoja alikuwa amekufa miguuni pake. Yule mwingine alikuwa anatafuta chuchu akiteleza, na kila alipoigusa mama yake alisogea.

'Malimpho alipiga magoti, akaingiza mkono chini ya kiwele. Aliutoa mara moja kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

"Shika," aliniambia.

Nilishika. Upande wa kulia ulikuwa na joto la kawaida la mnyama. Upande wa kushoto ulikuwa baridi. Si baridi ya asubuhi, ile inayokuwa juu ya sufu na masikio. Ilikuwa baridi ya nyama iliyotundikwa buchani. Niliinama nikaangalia. Ngozi ilikuwa ya buluu, na kuelekea kwenye chuchu ilikuwa nyeusi. 'Malimpho alikamua, yakatoka maji mekundu yenye harufu iliyonifanya nifunike pua na blanketi. Maziwa hayakuwapo hata tone.

"Kondoo yu hai," 'Malimpho alisema taratibu, "kiwele kimekufa."

Nimekaa na mifugo tangu utotoni. Nimeona mnyama akifa kwa radi, kwa mbweha, kwa theluji. Sijawahi kuona kipande cha mnyama kikitangulia kufa kisha kikaning'inia pale kikisubiri wenzake.

Seabata alipokuja alisimama tu. Kisha tukageuka, tukaona karibu na lango jike mwingine amelala ubavu, ulimi nje, amekwisha kukauka. Alikuwa mnono kuliko wote kidevuni. Jumapili iliyopita Seabata alikuwa amemwonyesha mchungaji wa kanisa. Na nyuma yake wawili zaidi walikuwa chini wanahema, hawawezi kuinuka.

Seabata aliokota fimbo yake. Alisema neno moja tu, "Lekena."

Tulimfuata, na kadiri alivyopita milangoni ndivyo watu walivyoongezeka. Lekena alikuwa nje ya zizi lake, kamkalisha kondoo kitako, anampunguza kwato kwa kisu.

"Umewapa nini kondoo wangu?" Seabata alimuuliza.

"Kondoo gani?"

"Usinichezee. Umetia sumu majini, au umekwenda kwa mganga. Chagua moja useme."

Mke wa Lekena, 'Mapoloko, alitoka jikoni na unga mikononi. "Shemeji, shusha fimbo kwanza, ndiyo uongee."

Seabata hakuishusha. Alitugeukia sisi. "Huyu aliniapiza. Siku niliyopewa kinamasi alisema nitakijutia. Mlikuwapo."

"Sikukuapiza, kaka," Lekena alisema. "Nilikwambia."

"Basi yule aliyekufa atapasuliwa. Atapasuliwa mbele ya chifu na mbele ya watu wote, ili sumu ionekane kwa macho. Na ikionekana, wewe na nyumba yako mtahama hapa."

Lekena alimwachia yule kondoo, naye kondoo akakimbilia wenzake. Alifuta kisu chake kwenye suruali. "Mpasue," alisema. "Nitakuja kuangalia."

Mama chifu alimpigia simu afisa mifugo wa wilaya, naye akafika kabla ya adhuhuri kwa gari lililojaa matope mpaka madirishani. Alikuwa mwanamke kijana, mfupi, jina lake Puseletso, amevaa gambuti na aproni ya plastiki. Mama 'Mankoala aliletewa kiti. Seabata alisimama upande mmoja wa mzoga, Lekena upande wa pili, na kijiji kizima kikawazunguka.

Puseletso hakuanza na kisu. Alishika kile kifuko cha kidevuni. "Uvimbe huu una muda gani?"

"Huo si uvimbe," Seabata alisema. "Ni mafuta."

Puseletso alimtazama kuona kama anafanya mzaha. Kisha alitoa sindano, akadunga kifuko, akakibana. Yakatoka maji meupe, yakadondoka kwenye majani. "Ni maji, ntate," alisema, akimwita baba kwa heshima. "Damu ikishapungua na kukosa nguvu, maji yake yanavuja na kujikusanya hapa. Huyu alikuwa ameishiwa damu."

Nilijikuta nafuta vidole vyangu kwenye blanketi. Nilipotupa macho pembeni, mchungaji wa kanisa naye alikuwa anafuta vyake.

Alipopasua tumbo, damu iliyotoka ilikuwa nyepesi kama maji yaliyooshewa nyama. Alitoa ini. Lilikuwa gumu, la kijivu, lenye makovu. Alilikata katikati na kulibana kwa dole gumba, na kutoka kwenye mirija yake vikateleza vidude bapa, vya kahawia, vipana kama mbegu za boga. Vilijikunja juu ya aproni yake. Mama chifu aliinuka kitini na hakukaa tena.

Kisha akafungua tumbo la nne, lile la mwisho, akalitandaza juu ya gunia. Mimi nilidhani ni nyuzi za sufu alizomeza kondoo. Zilikuwa nyembamba, nyekundu na nyeupe zimesokotana kama shanga za wanawali. Halafu zile nyuzi zikatikisika. Zilitikisika zote kwa pamoja, kama majani upepo unapopita juu yake.

Nyuma ya ukuta mtu alikuwa anatapika. 'Malimpho alinishika mkono, kucha zake zikaniingia.

Seabata aliinama, mikono magotini, uso karibu na gunia. "Hii minyoo iko hai?"

"Iko hai. Kila mmoja anakunywa damu, na humu imo maelfu."

"Na sumu?" mama chifu aliuliza.

"Hakuna sumu, mama. Mnawachunga wapi hawa?"

Seabata mwenyewe aliinua fimbo, ile aliyokuwa amemwinulia ndugu yake, akaelekeza kinamasini.

Puseletso alishuka kule na gambuti zake. Aliporudi alifumbua kiganja, tukaona konokono wadogo wenye rangi ya tope. "Ile bapa ya kwenye ini inakulia ndani ya hawa," alisema, "halafu inapanda kwenye majani. Hii ya tumboni mayai yake yanatoka na mavi, yanaanguliwa kwenye unyevu, watoto wake wanakaa kwenye majani mabichi wakingoja kuliwa. Kwa mvua ya mwaka huu, kila walipofungua mdomo walikuwa wanaila."

"Nilikuwa nawanywesha dawa," Seabata alisema. "Ya dukani. Sikuwahi kuacha."

"Ile ile moja kila mara?"

"Ile ile."

"Minyoo imeshaizoea, ntate. Na ile ya ini haikuwa ikiigusa kabisa."

'Malimpho aliuliza swali lake, "Na kiwele cha Malkia? Ni minyoo imekula kiwele?"

"Hapana, mama. Jike anayenyonyesha anahitaji damu nyingi atengeneze maziwa. Huyu damu imenyonywa, maziwa yakawa haba. Mwana ana njaa, anavuta chuchu mpaka anaichana. Uchafu ukaingia kwenye kidonda. Mnyama mwenye nguvu angepigana nao, lakini huyu hakuwa na nguvu ya kupigana. Ndiyo maana wanapiga teke. Hawawakatai wana wao. Wanaumwa."

Hapo ndipo 'Mapoloko, mke wa Lekena, aliposogea mbele. Unga ulikuwa umemkaukia mikononi. "Semeni sasa," alisema, akituangalia mmoja mmoja. "Semeni mume wangu aliwaambia nini siku ile ya shauri."

Tulivuta mablanketi yetu mabegani.

"Basi nitasema mimi. Alisema kaka yake achukue, ni haki yake. Akasema lakini kondoo asiwashushe kule majira ya mvua. Ng'ombe sawa, kondoo asubiri baridi kali ikaushe majani. Kwa sababu mwaka aliougua baba yao, kondoo wa mzee walikufa wote pale, na videvu vimejaa maji. Maji, alisema. Si mafuta."

Nilikumbuka. Mtu nyuma yangu alikuwa amepaza sauti siku ile, "Kama panaua, mbona wewe ulipashika mpaka leo?" na sote tukacheka, na mama chifu akafunika mdomo kwa shali yake. Tulikuwa tumeambiwa. Kijiji kizima tulikuwa tumeambiwa neno kwa neno, kisha tukaenda kugusa videvu na kusifu.

Seabata alimgeukia mdogo wake. Mwaka kondoo wa baba yao walipokufa yeye alikuwa mgodini, na zilizomfikia zilikuwa habari za baba tu. Alifungua mdomo, lakini 'Malimpho alimtangulia. Aliuachia mkono wangu akaenda kusimama mbele ya Lekena.

"Shemeji. Videvu hivi uliviona?"

Lekena aliangalia chini.

"Nakuuliza. Unapita hapa kila asubuhi. Uliviona?"

"Niliviona."

"Tangu lini?"

"Tangu Januari."

"Na ulijua ni nini."

"Nilijua. Nilisema mara moja, shemeji, nikachekwa. Nikasema sitasema tena. Nilikuwa nangoja aje aniulize."

"Januari," 'Malimpho alisema. "Wana walikuwa bado tumboni. Ulikuwa unatuinulia fimbo, unapita."

Nilimwona 'Mapoloko, aliyekuwa ametoka kumtetea mumewe kwa sauti ya juu, akisogea kando taratibu, kama mtu aliyesimama karibu mno na moto. Nadhani hata yeye hakujua kwamba mumewe aliviona akanyamaza.

Nafikiri tungebaki pale tukitazamana mpaka jua lichwe, lakini Puseletso alipigapiga aproni yake kwa kiganja. "Walio hai wanakufa mkiwa mmesimama. Leteni wanaume wa kukamata."

Wakakamatwa mmoja mmoja. Alikuwa akiwashusha kope la chini la jicho kwa kidole. Pale ambapo panapaswa kuwa pekundu palikuwa peupe kama karatasi. Alitufundisha kuangalia, kisha akataka tulinganishe, na Lekena akaleta jike wake mmoja kutoka juu. Kope lake lilikuwa jekundu kama ndani ya mdomo wa mtoto. Seabata aliliangalia jicho lile kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Walinyweshwa dawa mbili, ya tumbo na ya ini. Wenye viwele vigumu walidungwa sindano. Ndugu wale walifanya kazi bega kwa bega, mmoja anashika kichwa, mwingine anashika miguu, na hawakusemezana ila "huyu" na "yule" na "mwachie". Kuhusu Malkia, Puseletso alisema anaweza kuchinjwa asiteseke, au ajaribiwe.

"Ajaribiwe," 'Malimpho alisema, kabla mwenye kondoo hajafungua mdomo.

Kisha likaja suala la malisho, maana kinamasini wasingerudi. Watu waliangalia juu kwenye mteremko wa mawe, halafu wakamwangalia Lekena.

"Wakimaliza dawa wapande," alisema. "Majani ni mafupi, lakini ni makavu."

Wiki zilizofuata hazikuwa nzuri. Wengi walikuwa wamekwisha kuharibika ndani, na dawa haikuwawahi. Seabata alichimba shimo nyuma ya zizi, akachimba la pili. 'Malimpho na mimi tuliwanywesha yatima maziwa ya ng'ombe kwa chupa za soda, mapajani mwetu, na wengine walikufa hapo hapo mapajani chupa ikiwa mdomoni. 'Mapoloko alileta majike wake wawili wenye maziwa bila kutumwa na mtu, akawafunga kwenye nguzo ya zizi la shemeji yake, akashika miguu yao wana wa Seabata wanyonye.

Kiwele cha Malkia kiliendelea kuwa cheusi upande wa kushoto. Kukatokea mstari kati ya nyama iliyokufa na iliyo hai, kama mpaka wa shamba, na mstari ukazidi kuzama. Asubuhi moja Seabata alikikuta kipande kilichokufa kwenye nyasi za zizini, kimedondoka chenyewe, kimekauka kama kiatu kilicholoa kikaachwa juani. Alikaa juu ya ukuta, blanketi likamwanguka. Nilipokuja kuona kuna nini, alikuwa analia, na mimi nilikuwapo siku aliporudi kulitazama kaburi la baba yake bila chozi.

"Anakula," aliniambia, akimwonyesha Malkia. "Hebu mtazame. Anakula kama hakuna kitu."

Ni kweli, alikuwa anakula, jeraha likiwa wazi na bichi, na pacha aliyesalia alikuwa ananyonya upande wa pili.

Baridi ilipoingia, kifua cha Seabata kilikataa mlima. Kwa hiyo Lekena ndiye anayechunga makundi yote mawili, na Seabata huwasubiri langoni na kuwashusha kope. Mwenye jicho jeupe anatengwa anyweshwe, wengine wanaachwa, kama Puseletso alivyoelekeza, ili dawa isizoeleke tena. Kinamasi kimebaki cha ng'ombe. Mama 'Mankoala aliitisha mkutano kulitangaza hilo, na alipofika kwenye shauri la ndugu wale alisema, "Nilisikia na sikusikiliza," akaketi.

Seabata hakumwomba mdogo wake radhi kwa maneno niliyoyasikia mimi, wala Lekena hakumwomba yeye. Siku moja ya kukata sufu niliwaona wanakula ugali sahani moja, Seabata akimsukumia mwenzake mboga, wanabishana kuhusu mkasi upi ni mkali. Nilifurahi, nikamwambia 'Malimpho pale jikoni kwamba sasa yamekwisha.

Alikuwa anakoroga uji mchachu wa mtama, hakugeuka.

"Kwao yamekwisha," alisema. "Mimi nampakulia, anashiba, ananiita shemeji nami naitika. Lakini wale wana niliwashika kwa mikono hii. Mwambie asinidai zaidi ya chakula."

Akapunguza moto, akatoa bakuli la Lekena, akalijaza mpaka juu.